Adabu za Mgeni Katika Nchi ya Zilzala

Katika mambo ambayo msafiri wa kwetu huyauliza kabla hajafunga mizigo yake, aghalabu hayakosekani haya: nauli ni kiasi gani, baridi ya huko ikoje, chakula cha halali hupatikana wapi, na je, mwenyeji atampokea uwanjani au atamwacha ahangaike na teksi. Ni nadra mno kumsikia mtu akiuliza habari za ardhi yenyewe atakayoikanyaga, kama ni ardhi iliyotulia au ni ardhi yenye mazoea ya kutikisika; ilhali nchi mbili ambazo wafanyabiashara wetu huzizuru sana siku hizi, Uturuki kwa ajili ya nguo na viatu, na Japani kwa ajili ya magari yaliyotumika, zote mbili zimekaa juu ya mipasuko ya ardhi ambayo haijalala, na tarikhi ya kila moja imejaa misiba iliyotokana nayo.

Nilipata kumweleza jambo hili mama mmoja wa Kariakoo, mwanamke hodari ambaye kila sikukuu zinapokaribia hupanda ndege kwenda Istanbul, akalala Laleli, mtaa wa maduka ya jumla ambako Kiswahili hakikosi kusikika ngazini mwa hoteli. Akanisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akasema, "Mzee wangu, mie huko nalala siku chache tu, nikishamkabidhi wakala mzigo, naondoka zangu." Jibu hilo lina mantiki yake ya biashara, wala sikutaka kumtia hofu mtu anayetafuta riziki, lakini uchache wa siku haupunguzi uzito wa dari iliyo juu ya kitanda. Mpasuko mkubwa unaoikata Uturuki ya kaskazini kutoka mashariki kwenda magharibi hupita chini ya Bahari ya Marmara, kusini kidogo ya mji huo anaonunua magauni, na usiku wa tarehe 17 Agosti 1999, saa tisa na dakika 2, sehemu yake ya upande wa Izmit iliachia kwa tetemeko la ukubwa wa 7.6, wakafa watu zaidi ya 17,000, na hata Istanbul kwenyewe, katika mtaa wa Avcılar, majengo yakalala chini ijapokuwa kitovu kilikuwa mbali. Tangu siku hiyo wataalamu wa elimu ya ardhi hawajaacha kusema kwamba sehemu iliyo chini ya Marmara ingali imejaa nguvu isiyotoka.

Na ilipotokea kutoka kidogo, mchana wa tarehe 23 Aprili 2025, kwa tetemeko la ukubwa wa 6.2, tuliona ajabu inayostahili kutafakariwa na kila mwenye nia ya kusafiri. Majumba ya Istanbul kwa jumla yalisimama. Bali ofisi ya gavana ilitangaza kwamba watu zaidi ya 150 walikuwa wameumia kwa kuruka kutoka mahali pa juu kwa taharuki. Nyumba ziliwahifadhi, wao wakajivunja miguu kwa kuzikimbia.

Sisemi haya kwa kuwacheka. Fazaa ni hulka ya mwanadamu, na mtu ambaye sakafu imemgeuka chini ya nyayo hana wasaa wa kuteua tadbiri iliyo bora. Atafanya lile ambalo mwili wake umekwisha kufundishwa. Nasi miili yetu imefundishwa kukimbia, tena imefundishwa na mwalimu asiyekuwa mwongo. Tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na dakika 27 alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipoupiga mkoa wa Kagera, watu 17 walifariki, mamia wakajeruhiwa, na nyumba zaidi ya 2,000 zikaanguka. Nilizipita baadhi ya nyumba hizo pembezoni mwa Bukoba kabla hazijaondolewa vifusi, na mtu hakuhitaji kuwa mhandisi ili atambue kilichotokea: kuta za matofali ya kuchoma zilizoshikanishwa kwa udongo, hazina mkanda wa zege juu ya madirisha wala chini ya paa, nyufa zimepanda mshazari kufuata maungio ya tofali na tofali, na ule ukuta wa pembetatu unaobeba mabati umemwagika wote nje, ukaacha mbao za paa zikining'inia na kalenda ya mwaka ule ikiwa bado imetundikwa kwenye ukuta uliosalia. Mtu aliyekuwa ndani ya nyumba ya namna hiyo, mlango ukiwa wazi na uko hatua mbili tatu kutoka alipo, akitoka mbio hana wa kumlaumu. Amefanya lililo la busara, maadamu akishatoka aendelee kwenda mpaka awe mbali na ukuta, kwa kuwa ukuta wa pembetatu huanguka upande wa nje.

Shida huanza pale mtu yuleyule anapopelekwa ghorofa ya tisa mjini Yokohama, akabeba akilini mwake nyumba ya Bukoba. Pale kukimbia ni kujitoa katika usalama na kuifuata hatari: ngazi ndizo mahali ambapo watu huteleza na kukanyagana, lifti hukwama baina ya ghorofa na ghorofa, na nje ya mlango wa jengo huanguka vioo, mabango na vigae kutoka juu. Mjapani huambiwa tangu utoto ashuke chini, aingie chini ya meza imara, akinge kichwa na kushika mguu wa meza mpaka mtikisiko ukome. Na aweza kutii kwa sababu nyumba yenyewe imeandaliwa ili atii. Nchi ile iligeuza kanuni zake za ujenzi mwaka 1981, na alfajiri ya tarehe 17 Januari 1995, tetemeko lilipoivunja Kobe na kuua watu 6,434, waliokufa wengi walibanwa ndani ya nyumba kuukuu za mbao zenye mapaa mazito ya vigae, ilhali majengo yaliyojengwa chini ya kanuni mpya yalistahimili vizuri zaidi. Basi wanaobishana kama ni bora kukimbia au kubaki, hubishana bure mpaka watakaposema wako ndani ya nyumba gani.

Kwa hiyo nashikilia neno moja katika makala hii, na mengine yote nitakayoyasema ni matawi yake: msafiri katika nchi ya zilzala huokoka au huangamia, baada ya majaaliwa ya Mungu, kwa yale anayoyatazama jioni ya kwanza anapofika, wakati ardhi imetulia na akili yake ingali yake. Mwenyeji ana miaka ya kuijua nyumba yake. Mgeni ana ile nusu saa baina ya kuweka sanduku chini na kwenda kutafuta chakula.

Atazame nini? Kwanza jengo lenyewe, na hili afadhali alitazame kabla hajalipa. Katika miji mingi ya Uturuki, na si huko pekee, ghorofa ya chini ya majengo ni maduka; mwenye duka hutaka nafasi na vioo vipana, kwa hiyo kuta huondolewa, na hapana budi kusema kwamba wako waliokata hata nguzo, huku ghorofa tano au sita za vyumba vilivyojaa kuta zikielemea juu. Jengo la namna hiyo likitikiswa, aghalabu huvunjika miguuni, likakaa kitako. Mwaka wa kujengwa nao una maana kubwa, kwani baada ya msiba wa 1999 sheria na ukaguzi vya Uturuki viliongezewa ukali. Lakini mwaka peke yake haukati shauri, kwa sababu sheria ni karatasi mpaka ipate mtu wa kuisimamia. Alfajiri ya tarehe 6 Februari 2023 tetemeko la ukubwa wa 7.8 lilipiga kusini ya nchi hiyo, na mchana wa siku ileile likafuatiwa na jingine la 7.5, na katika hesabu ya maiti iliyopita 50,000 wamo waliolala katika majengo mapya yaliyouzwa kwa sifa ya kustahimili matetemeko. Katika mji wa Adıyaman hoteli moja iliporomoka ikaua watu 72: wamo watoto wa timu ya mpira wa wavu kutoka Cyprus ya Kaskazini pamoja na walimu na wazazi wao, na wamo waongoza watalii waliokuwa masomoni. Kesi ilipokwenda mahakamani zilizungumzwa habari za zege hafifu na za usimamizi uliolegea, na mwaka 2024 mwenye hoteli na wenzake wakahukumiwa kifungo. Watu hao, kama mama yangu wa Kariakoo, walikuwa wageni wa siku chache tu.

Najua kwamba mgeni hawezi kupima zege kwa macho. Lakini aweza kuuliza jengo lilijengwa lini, na aweza kuona ufa unaokata nguzo kwa mshazari, au ghorofa iliyoongezwa juu kwa matofali ya namna nyingine. Na tofauti ya bei baina ya hoteli yenye kutia shaka na ile iliyo jirani yake aghalabu haizidi thamani ya suruali chache katika furushi lile analolifunga. Mimi siwaelewi watu wanaoweza kushindana na mwenye duka saa nzima kwa ajili ya bei ya shati, kisha wakapokea ufunguo wa chumba pasipo kuinua macho kutazama nguzo.

Baada ya jengo, chumba. Haya niliyajua kwa kuyaona katika hoteli moja ya kawaida kabisa mjini Sendai, kaskazini mashariki ya Japani. Kando ya kitanda, usawa wa mkono wa mtu aliyelala, ukutani palipigiliwa kishikio cha tochi, na tochi yenyewe ilikuwa ya namna ambayo ukiichomoa tu inawaka. Nyuma ya mlango pana ramani ya ghorofa, na mshale mwekundu umeonyesha chumba changu na njia mbili za kutokea, si moja. Niliyatazama yote hayo kama mtu anavyotazama mapambo. Usiku, simu ya mkononi ikalia sauti ambayo sijapata kuisikia, kali na ya kukatakata, na ndani yake mwanamume akisema maneno ya Kijapani. Sikuyafahamu maneno, ila maana sikuikosa. Pakapita kimya kifupi, ambacho mtu angeweza kukitumia kwa kusoma Kulhuwallahu mara moja na asiimalize, kisha zikaanza henga za nguo ndani ya kabati kugongana tiki tiki tiki, maji ya glasi yakaegemea upande huu na upande huu, na ukuta ukatoa mlio wa mbao za jahazi likiwa tangani. Nilikuwa chini ya meza ya kuandikia, mkono mmoja kichwani na mwingine nimeshika mguu wa meza. Mtikisiko haukufikia ukali uliohofiwa, na ulipotulia nikaenda mlangoni, nikaufungua. Ng'ambo ya ujia alikuwa mzee wa Kijapani ambaye mlango wake ulikuwa umekwisha funguliwa na kuwekewa ndara ili usijifunge, maana fremu ikipinda mlango uliofungwa hugoma kabisa. Naye amesimama ndani ya kizingiti amevaa nguo za kulalia za hoteli, na miguuni viatu vya ngozi vilivyofungwa kamba. Akanitazama usoni, akaitazama miguu yangu iliyokuwa mitupu, akatikisa kichwa. Katika usiku wa matetemeko vioo vilivyovunjika sakafuni hukata nyayo za wengi, na asiyeweza kutembea atasubiri kubebwa na watu wenye kazi nyingine. Sauti ikatoka darini ikisema, kwa Kijapani na kisha kwa Kiingereza, kwamba lifti zimesimama na wageni wasubiri vyumbani. Mzee akarudi kitandani, mlango wake akiuacha wazi. Niliposhuka baadaye kwa ngazi nilikuta watu wachache wamekusanyika ukumbini na masanduku yao, wote wageni.

Kimya kile kifupi ndicho fadhila kubwa ambayo elimu imewapa Wajapani, na yafaa msafiri akifahamu. Ardhi inapokatika hutoa mawimbi ya namna mbili: la kwanza huenda mbio, karibu kilomita 7 kwa sekunde, nalo halina madhara makubwa, la pili, ambalo ndilo hubomoa, huenda karibu kilomita 4. Vyombo vilivyotegwa nchi nzima hulidaka la kwanza, vikapiga hesabu, na onyo likafika kwenye simu na redio kabla ya la pili. Huduma hiyo ilifunguliwa kwa watu wote mwaka 2007, na kwa akili inayofanana nayo treni za Shinkansen hujikatia umeme zenyewe: tarehe 11 Machi 2011, ardhi ilipotikisika kwa ukubwa wa 9.0, hakuna abiria wa treni hizo aliyepoteza maisha kwa treni kuanguka. Mtu aliye mbali na kitovu huweza kupata sekunde kumi, ishirini au zaidi. Aliye juu ya kitovu hapati hata moja. Sekunde hizo hazitoshi kushuka ngazi. Zatosha kuingia chini ya meza, kuzima jiko, kusogea mbali na dirisha au rafu ya bidhaa, na kwa aliye barabarani kujitenga na kuta za matofali na mashine za kuuzia vinywaji, ambazo huanguka kifudifudi.

Nimeufikia upande wa bahari, na hapa nina neno mahsusi kwa watu wa pwani. Yule Mhehe au Mnyamwezi asiyeijua bahari, akiona maji yamerudi nyuma ghafla, huogopa. Mtu wa Pemba, wa Tanga, wa Lamu, ambaye tangu utoto ameyajua maji kupwa na maji kujaa, ambaye bamvua likikausha miamba hushuka na mkuki wake kutafuta pweza, huona maji yamekupwa, na miguu yake humpeleka chini kwenye samaki waliobaki wakirukaruka. Ujuzi wake ndio utakaomwua. Maji yakikimbia mbali kuliko kawaida, tena si wakati wake, hayo yanakwenda kurudi na ukuta. Na tarehe 26 Desemba 2004, katika ufuko mmoja wa Phuket, binti wa Kiingereza wa miaka 10 aliyekuwa amefundishwa jambo hilo darasani muda mfupi kabla ya likizo yake aliwapigia wazazi wake kelele, ufuko ukaondolewa watu, na watu wakasalimika. Siku hiyohiyo maji yaliyosukumwa na tetemeko la Sumatra yalivuka bahari yote ya Hindi kwa zaidi ya saa 7, yakafika kwetu: Somalia walikufa watu karibu 300, Dar es Salaam wakafa waliokuwa wakiogelea, na Kenya, ambako habari zilitangulia na fukwe nyingi zikafungwa, alikufa mtu mmoja.

Lakini msafiri aliye karibu na kitovu asingoje maji yarudi nyuma, wala asingoje king'ora. Onyo lake ni mtikisiko wenyewe: ukiwa mkali kiasi cha kumzuia mtu kusimama, au ukiendelea kupita dakika moja, na yeye yuko pwani, aondoke kwa miguu kwenda juu, na akifika juu aulize kama pana juu zaidi. Katika mji wa Kamaishi, Japani, mwaka 2011, wanafunzi wa shule ya kati walikimbia mara moja, wakawashika mikono wadogo zao wa shule ya msingi ya jirani, wakafika mahali palipopangwa, wakaona hapatoshi, wakapanda tena; na maji yakala shule zao nyuma yao. Katika shule ya Okawa, huko Ishinomaki, walimu na watoto walikaa uwanjani karibu dakika 50 wakishauriana waende wapi, ilhali nyuma ya shule pana kilima; wakafa watoto 74 na walimu 10. Nimeisoma habari hii ya pili mara nyingi na kila mara huniumiza kwa namna ileile, kwa kuwa hapakuwa na asiyejali pale: walikuwa watu wazima wanaowapenda watoto, wakitafuta uamuzi ulio bora, na wakati ukawa unapita. Juu ya kijiji cha Aneyoshi liko jiwe lililosimamishwa baada ya maji ya mwaka 1933 ili kuwakataza watu kujenga chini yake. Waliokaa juu ya jiwe hilo, mwaka 2011 nyumba zao hazikuguswa. Mgeni hana jiwe la babu yake, lakini katika pwani za Japani vibao vya kuonyesha urefu wa ardhi kutoka usawa wa bahari na mishale ya kukimbilia vimewekwa kila pembe, navyo havihitaji kujua kusoma Kijapani.

Mambo yanayofuata baada ya tetemeko nitayapitia haraka. Usirudi katika nyumba yenye kutia shaka kwa sababu tu pametulia: mjini Kumamoto, mwezi Aprili 2016, tetemeko la 6.5 la usiku lilifuatwa baada ya saa 28 na jingine la 7.3, na wako waliokuwa wamekwisha kurudi majumbani wakafia huko. Usipige simu, tuma ujumbe mfupi, kwani njia za simu hujaa na ujumbe hupenya. Na aliyeko nyumbani naye avumilie, asiifanye simu ya mwanawe iishe chaji kwa kumpigia kila dakika. Fedha taslimu kidogo ziwe mfukoni, kwa kuwa umeme ukikatika kadi ni plastiki. Pasipoti, dawa, viatu, maji na koti vikae pamoja usiku, mahali ambapo mkono utavipata gizani. Tena mtu asidhani kwamba sikukuu humlinda: rasi ya Noto ilipigwa tarehe 1 Januari 2024, siku ya mwaka mpya, wana wa nchi wakiwa wamerudi kwa wazazi wao, na barabara zikakatwa na maporomoko katika baridi kali, waliokuja kwa ziara ya siku mbili wakawa miongoni mwa wanaongojea msaada.

Wako watakaosema kwamba ajali haina kinga, na kwamba siku ikifika imefika. Mimi nami naamini hivyo. Ila sijamwona mmoja wao anayelala na mlango wazi.

Wala tusidhani kwamba habari hizi ni za ng'ambo peke yake. Bonde la Ufa linaendelea kupanuka, na tetemeko la Rukwa la tarehe 13 Desemba 1910, lenye ukubwa wa 7.4, ni katika makubwa kabisa yaliyopata kupimwa Afrika katika karne nzima ya ishirini. Lilipita bila msiba mkubwa kwa sababu nyumba za wakati ule zilikuwa za miti na nyasi na watu walikuwa wachache. Leo yako majengo ya ghorofa Mbeya, Kigoma, Bukavu na Goma. Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020, tetemeko lililotokea baharini lilipoitikisa Dar es Salaam, watu waliteremka mbio kutoka majengo marefu ya katikati ya mji, wakasimama wakipiga gumzo na kupiga picha chini ya kuta zilezile za vioo walizozikimbia, kwa kuwa hapana aliyepata kuwaambia wasimame wapi.

Wenye hoteli wetu wana mengi ya kuulizwa. Kitambo si kirefu nililala katika hoteli mpya ya mji mmoja wa kandokando ya ziwa, hoteli yenye marumaru mpaka msalani, na kwa mazoea yangu ya uzeeni nikashuka kuutazama mlango wa dharura. Nikaukuta umefungwa kufuli. Nikamwuliza kijana wa mapokezi ufunguo uko wapi.

"Anao mlinzi, mzee."

"Na mlinzi yuko wapi?"

"Ametoka kidogo, amekwenda kula."

"Akirudi huwa analala wapi?"

Akacheka kwa adabu, akasema mlinzi halali. Nikamwomba anihamishie chumba cha chini, kilicho jirani na mlango mkubwa, naye akanihamisha, akinitahadharisha kwamba huko chini nitasumbuliwa na kelele za jenereta.